Sura ya 6: Kondensa Mkononi

Mwaka 1966 kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa maiki ya SM58. Mwaka huohuo kampuni ya Neumann ya Berlin ilikuwa Oslo, kwenye shirika la utangazaji la Norwei, NRK, ikionyesha namna ya kulisha maiki ya kondensa umeme kupitia waya uleule unaobeba sauti. Wanorwei tayari walikuwa na umeme wa volti 48 ndani ya jengo kwa ajili ya taa za akiba, maana wakati wa baridi giza la kwao halina mchezo. Wakataka maiki nazo zitumie umeme huohuo. Ndiyo sababu kitufe cha fantomu kwenye miksa yako kimeandikwa 48V, na si 40 wala 60.

Mambo hayo mawili ya 1966 bado yanawagawa mafundi mitambo. SM58 ni dainamiki: haiombi umeme, ikianguka unaiokota na kuendelea na shughuli, na kila mwimbaji amewahi kuishika, ya kweli au ya feki. Kondensa ilizaliwa maabara ikalelewa studio, na ilichukua muda kufika kwenye kiganja cha mwimbaji aliyesimama jukwaani mbele ya spika kubwa. Sasa imefika. Iko madukani kwa bei za kila aina, na waimbaji wanaiulizia kwa sababu wameambiwa ni "ya studio". Wengi wao wanaiulizia kwa sababu isiyo sahihi. Msimamo wangu katika sura hii ni kwamba kondensa ya mkononi huchaguliwa kwa kulitazama jukwaa kwanza na mwimbaji baadaye. Ubora wa sauti yake mdomoni haubishaniwi. Kazi iko kwenye yale itakayoyasikia pembeni.

Kilichomo ndani

Ndani ya dainamiki kuna kiwambo cha plastiki kilichogundishwa kwenye koili ya waya, na koili hiyo imezama katikati ya sumaku. Sauti ikikipiga kiwambo, koili inatikisika na umeme unazaliwa. Ni mtambo wa kuaminika, ila kiwambo hakiendi popote bila koili yake, kama mpagazi aliyeambiwa acheze ngoma na gunia likiwa begani. Miondoko ya taratibu anaimudu. Ya kasi, yaani sauti kali za juu, inampita. Shure wenyewe wanaandika kuwa SM58 inafika hezi 15,000.

Kondensa haina koili. Kiwambo chake, ambacho unene wake ni mikroni chache tu, kimetandazwa mbele ya bamba, na kati yao kuna chaji ya umeme. Kiwambo kikisogea, nafasi inabadilika, na volti inabadilika nayo. Kwa kuwa hakuna mzigo, kinafuata sauti hadi kwenye hezi 20,000 bila kuhangaika. Tatizo ni kwamba kinachotoka hapo ni dhaifu mno, hakiwezi kusafiri kwenye waya mrefu. Ndiyo maana ndani ya mpini kuna kikuzaji kidogo, na hicho ndicho kinachokula umeme wa fantomu.

Mtambo huu ni wa zamani. E. C. Wente aliubuni mwaka 1916 akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric, Marekani. Kilichoushusha bei ni kazi ya James West na Gerhard Sessler wa Maabara za Bell, ambao mwaka 1962 walipata njia ya kuifanya plastiki itunze chaji yake yenyewe kwa miaka mingi. Hiyo inaitwa elektreti, na kondensa nyingi za mkononi zinazouzwa leo ni za namna hiyo. Muuzaji akikwambia kuwa elektreti haihitaji umeme kwa sababu ina chaji yake, anakosea. Chaji ni ya kiwambo. Kikuzaji bado kina njaa.

Katika muziki wetu faida ya kondensa inasikika kwanza kwenye maneno. Taarab ni mashairi kabla haijawa muziki, na mtu aliyekaa safu ya nyuma anataka kujua fumbo limetegwa wapi na limemlenga nani. Fumbo hilo linabebwa na konsonanti, zile s, sh, ch, th na f ambazo nguvu yake iko juu, kuanzia hezi elfu mbili tatu hadi elfu nane na kuendelea. Fundi aliyepewa dainamiki iliyofifia huanza kupandisha trebo ili maneno yafunguke. Akipandisha sana anapata ukali, kisha anapata mluzi. Kondensa nzuri huyaleta maneno bila kulazimishwa, pamoja na ile pumzi ndogo anayovuta mwimbaji kabla ya kituo.

Huleta na mengine. Bangili za mwimbaji zikigongana mkononi utazisikia. Mwenye s kali kwa asili atatoboa masikio ya watu, na itabidi umpunguze kati ya hezi 5,000 na 8,000. Herufi p na b zikitolewa kwa nguvu zitagonga kama mtu anayebisha hodi, kwa hiyo kichujio cha besi kiwashwe tangu mwanzo, kwenye hezi 100 au zaidi kidogo kwa sauti za kike.

Nizungumzie pia imani moja sugu: kwamba kondensa "inavuta mbali" na ndiyo maana inapiga mluzi. Hakuna maiki inayovuta. Beta 87A, kondensa ya Shure inayofahamika kuliko nyingine zote za mkononi, hutoa milivolti 2.5 kwa paskali moja ya shinikizo la sauti. SM58 hutoa 1.85. Tofauti hiyo haifiki desibeli 3, na ukirudisha geini nyuma kidogo zinalingana. Kama zina umbo moja la usikivu, zitasikia pembeni kwa kiasi kilekile. Kinachotudanganya ni kwamba makelele mengi ya jukwaani yenye kuudhi, kuanzia matoazi ya dramu, yako katika eneo la juu ambalo dainamiki huliacha na kondensa hulichukua zima zima. Kwa hiyo mtu anayenunua kondensa hanunui sikio refu. Ananunua sikio lisilobagua, na sikio hilo linahitaji kuelekezwa.

Nyuzi 126

Kuelekeza ni hesabu ya pembe. Maiki ya kadioidi husikia vizuri mbele, ubavuni hupungua kwa desibeli 6, na mgongoni, kwenye nyuzi 180, ni kiziwi. Superkadioidi ni nyembamba zaidi. Ubavuni hupungua karibu desibeli 9, lakini uziwi wake hauko mgongoni: uko nyuma kwa pembeni, kwenye nyuzi 126 hivi kila upande. Mgongoni kabisa inasikia, desibeli kama 12 chini ya mbele. Mafundi wengi huweka monita nyuma ya kila maiki bila kujali hilo, kisha wanailaumu maiki ikianza kulia.

Chukua mwimbaji aliyesimama, mdomo uko mita moja na nusu kutoka sakafuni, na monita iko mita moja mbele yake. Akiilaza maiki, mkia ukiwa umeelekea kwa watazamaji, monita inakuwa kwenye nyuzi 124 kutoka mbele ya maiki. Hapo superkadioidi imekaa pake. Mwimbaji mwingine, monita hiyohiyo, anashika maiki kwa kuiinamisha, mkia ukiitazama monita moja kwa moja. Huyo anataka kadioidi. Ukimpa superkadioidi umeigeuzia monita sehemu inayosikia. Wote wawili wanaimba vizuri, na hakuna aliyekosea kushika. Mtazame mwimbaji kwa nyimbo mbili tatu kabla hujafungua pochi. Hakuna ukurasa wa vipimo utakaokueleza hilo.

Sasa majina. Beta 87A ni superkadioidi, ndugu yake Beta 87C ni kadioidi, na watu hununua ya kwanza kwa mazoea tu. Neumann wana KMS 105, superkadioidi, na KMS 104, kadioidi. Sennheiser e 865 ni superkadioidi. Shure SM86, AKG C535 EB na Audio-Technica AE5400 ni kadioidi. KSM9 ya Shure ina swichi ndani, chini ya wavu wa kichwa, ya kuchagua moja kati ya hayo mawili, na hiyo naiona ni pesa iliyotumika kwa akili kwa kampuni ya kukodisha mitambo ambayo haijui kesho itamhudumia nani. Kati ya zote hizi, kama ningeambiwa nichague kwa kufumba macho na nisijali bei, ningechukua KMS 105. Kelele inazozipokea kutoka pembeni zinabaki na sura yake ya asili, hazigeuki kuwa uchafu, na hiyo ndiyo sifa ngumu kuipata. Maiki rahisi hupunguza sauti ya pembeni lakini huiharibu pia, na gitaa linaloingia kwenye maiki ya mwimbaji likiwa limeharibika huliharibu gitaa lote.

Bendi inayovaa monita za masikioni imeondoa nusu ya hatari, kwa sababu hakuna spika inayomtazama mwimbaji. Kwa watu hao kadioidi kama 87C inafaa sana, kwani mwimbaji anaweza kusogeza kichwa bila sauti kupotea. Ila jiandae kwa malalamiko mapya. Atasikia dramu zote kupitia maiki yake mwenyewe, masikioni mwake, na atakuja kukuuliza kwa nini umempandishia matoazi.

Nani apewe

Kikundi cha taarab asilia ni nyumba ya kondensa. Fidla, udi, kanuni, nai, akodiani, besi ya kusimama na dumbaki: hakuna hata kimoja kinachompigia kelele mwimbaji. Monita inaweza kuwa ndogo na ya chini. Hapo maiki inayosikia kila kitu ni baraka, maana hata kidogo kinachovuja kutoka kwenye fidla kinaingia kwa uzuri. Vivyo hivyo msimulizi wa mashairi, mwimbaji wa injili anayesindikizwa na kinanda peke yake, na kasida yenye dufu chache.

Taarab ya kisasa ni habari nyingine. Kinanda cha umeme, gitaa la solo na besi vinapita kwenye spika kwa nguvu, monita zimepandishwa ili mwimbaji ajisikie, na wakati wa kutunza ukifika mambo yanageuka. Watu wanakuja mbele na noti, mwimbaji anawafuata, anashuka ngazi, na sasa amesimama mbele ya spika kuu zinazotazama ukumbi. Pembe zako zote ulizopanga hazina kazi tena. Kwa shughuli ya namna hiyo mimi natoa dainamiki ya superkadioidi na sioni aibu. Anayetaka kondensa kwa lazima, basi mipaka ya kutembea iwekwe kwenye mazoezi, na fundi akae na kidole kwenye feda ya chaneli hiyo muda wote.

Muziki wa dansi wenye tarumbeta na saksafoni nyuma ya waimbaji wanne waliojipanga mstari mmoja, nako ni dainamiki. Kumbuka pia kwamba kila ukizidisha maradufu idadi ya maiki zilizo wazi unapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi. Kutoka maiki moja hadi nane umeshapoteza 9. Kwaya zenye maiki nane za mkononi, zote zimewashwa na wawili ndio wanaoimba, hujitafutia balaa zenyewe, zima zisizotumika.

Na kuna wale wanaofumbata kichwa cha maiki kwa kiganja. Wasanii wa Bongo Flava na hip hop wamefanya hilo kuwa mtindo. Matundu yaliyo nyuma ya kichwa ndiyo yanayoifanya maiki iwe kiziwi upande huo. Yakizibwa, inasikia pande zote na sauti inakuwa ya puani. Dainamiki ikifumbatwa hulalamika. Kondensa ikifumbatwa hupiga kelele. Msanii wa namna hiyo mpe dainamiki, wala usibishane naye mtindo wake, maana hujaajiriwa kwa hilo.

Jambo moja ambalo ni bure kabisa: umbali. Mwimbaji akitoka sentimita 10 hadi sentimita 5, amekuongezea desibeli 6. Hakuna maiki unayoweza kununua itakayokupa desibeli 6 za ziada kabla ya mluzi. Anayeimba akiwa ameishusha maiki kifuani hajafikia umri wa kupewa kondensa.

Umeme, upepo na chumvi

Kabla ya kuinunua, pima miksa. Zile volti 48 hupita kwenye pini ya pili na ya tatu za XLR, na ya kwanza ni njia ya kurudi. Chukua mita, gusa pini ya kwanza na ya pili kwenye soketi ya miksa, halafu ya kwanza na ya tatu, maiki ikiwa haijachomekwa. Usomaji ukiwa kati ya 44 na 52, uko salama. Miksa ndogo za bei rahisi wakati mwingine hutoa volti chache zaidi. Beta 87A huvumilia, kwani imetengenezwa kufanya kazi kuanzia volti 11. KMS 105 inataka 48 za kweli. Waya wenye jeki upande mmoja hautaipa maiki umeme huo ipasavyo. Zima chaneli kabla ya kubonyeza fantomu, vinginevyo mshindo wake utawafikia hadi wapishi. Miksa nyingi ndogo zina kitufe kimoja kwa chaneli zote, na watu huogopa kuwa kitaunguza SM58 zilizochomekwa pembeni. Hakiziunguzi, mradi nyaya ni za XLR zilizoungwa sawasawa.

Anayetumia maiki isiyo na waya hana habari na hayo. Transmita iliyo kwenye mpini huilisha kondensa kwa betri zake, na Shure huuza vichwa vya Beta 87A, 87C, SM86 na KSM9 vya kufunga kwenye transmita zao. Kwa ukumbi wenye miksa ya mashaka, hii ni njia ya kukwepa tatizo zima.

Ukanda wa pwani una mambo yake. Tamasha la Sauti za Busara hufanyika Zanzibar mwezi wa Februari, wakati kaskazi bado inavuma, na jukwaa la Ngome Kongwe liko wazi juu. Upepo ukiingia kwenye wavu wa kondensa hutoa mngurumo ambao dainamiki ingeupokea kidogo tu. Sponji ya kuvisha kichwani haipendezi kwenye picha, lakini ivishwe.

Unyevu ni mbaya kuliko upepo. Chaji ya kondensa inakaa kwenye nafasi finyu mno, na hewa yenye maji ikitulia humo, maiki huanza kukwaruza na kutatarika kama redio iliyopoteza stesheni. Hatari kubwa ni kuitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa saa kumi jioni. Maji hujikusanya ndani kama yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda. Iache kwenye kasha lake nje kwa nusu saa ndipo uifungue. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, viweke kwenye kasha. Wavu ufungue, uoshe kwa maji na sabuni laini pamoja na sponji yake ya ndani, ukaushe kabisa, urudishe. Kiwambo chenyewe usikiguse wala kukipuliza.

Dukani

Nenda na mwimbaji, nenda na dainamiki yake ya sasa, na omba spika iwashwe kwa sauti halisi ya kazi. Maiki yoyote ni nzuri ukiijaribu kwa kunong'ona. Aimbe mbele, kisha aimbe kutoka ubavuni: sauti inapaswa kushuka bila kubadilika tabia. Ageuze mkia kuelekea spika, kisha aupeleke pembeni taratibu, na wewe sikiliza mluzi unaanzia wapi. Gonga mpini kwa kidole, kwa sababu kondensa zisizofungwa vizuri ndani husikika kila vidole vinapohama.

Halafu fanya jaribio la feki, kwa kuwa soko limejaa nakala za majina makubwa. Zima fantomu, subiri dakika moja, na uongee. Kondensa ya waya isiyo na betri lazima iwe bubu. Ikiendelea kusema, uliyoshika ni dainamiki iliyovalishwa nguo za wenyewe, hata kama boksi lake linang'aa kiasi gani. Kukaa kimya hakuthibitishi kuwa ni halisi, ila kuongea kunathibitisha kuwa si kondensa, na muuzaji hatakuwa na la kujibu.

Kama fedha za bendi zinatosha maiki moja, nunua dainamiki nzuri. Zikitosha mbili, ya pili iwe kondensa ya kadioidi yenye jina linalotambulika, mpe yule ambaye watu huja kusikiliza maneno yake, na usiiazimishe kwa mtu.